Jaribio Lililofaulu Miaka Sita kwa Makosa

Jaribio lilisubiri "12 May 2018". Mfumo ukatoa "12 Mei 2018". Alama nyekundu ikawaka.

Nilikuwa nyumbani Nyarero kwa likizo, nimekaa kwenye kigoda uani, kompyuta mapajani, mdogo wangu amesimama nyuma yangu akinung'unika. Yeye ndiye anayeutunza ule mfumo siku hadi siku. Mimi niliuandika zamani, nikiwa bado sijui ninachokifanya. "Mura, nilikwambia tusiiguse Java," akasema. "Ona sasa, sitini na tatu zimeanguka." Nikamwambia asome tena ule mstari mmoja, polepole. Akasoma, akanyamaza, kisha akacheka peke yake.

Mfumo wenyewe ni mdogo. Ni wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa huku Tarime: karani anapima kilo, anaingiza namba ya mwanachama, mashine inachapa stakabadhi. Stakabadhi hiyo ni ya Kiswahili mwanzo hadi mwisho, "Imepokelewa", "Jumla", "Sahihi ya karani", isipokuwa jina la mwezi. Kwa miaka sita wakulima walipewa karatasi ya Kiswahili yenye mwezi wa Kiingereza na hakuna aliyelalamika, maana mkulima huangalia kilo na shilingi. Jaribio letu nalo lilikuwa likihakikisha kila siku kwamba kosa hilo halijaguswa na mtu.

Sababu yake inafaa kuijua, kwa kuwa itamkuta yeyote anayeandika programu ya Kiswahili kwa Java. Java 8 ilikuwa na hazina yake ya majina ya miezi, siku na alama za fedha kwa lugha mbalimbali, na Kiswahili hakikuwamo. Ukiiomba tarehe ya Kiswahili cha Tanzania, haikukwambia haijui. Ilikupa Kiingereza kimyakimya. Java 9, iliyotoka Septemba 2017, ikaacha hazina hiyo na kuanza kutumia ile ya CLDR inayotunzwa na Unicode Consortium, na humo Kiswahili kimo: Machi, Mei, Julai, Agosti. Sisi tulikuwa tumeruka kutoka Java 8 hadi Java 17 kwa mkupuo. Mfumo ulikuwa umejifunza Kiswahili, na jaribio likauadhibu.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu kinabeba ushauri wote nilio nao. Majaribio yakianguka baada ya kupandisha toleo la lugha ya programu, mkono wa kwanza huenda pabaya: ama unalaani toleo jipya na kurudi kwenye la zamani, ama unabadilisha kile ambacho jaribio lilisubiri ili alama iwe kijani. Kila jaribio lililoanguka linaficha jambo fulani ulilolichukulia kuwa la kweli bila kuliandika popote. Usiguse msimbo wala jaribio mpaka uweze kulitaja jambo hilo kwa sentensi moja ya Kiswahili cha kawaida. Sentensi yetu ya kwanza ilikuwa hii: "Tulidhani Java inajua Kiswahili, kumbe haikujua." Baada ya hapo marekebisho yalichukua dakika mbili, na safari hii jaribio ndilo lililokuwa na kosa.

Sasa turudi nyuma kidogo, kwenye hatua ambayo mdogo wangu aliiruka, na ambayo hata mimi nimeiruka mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Kabla ya kupandisha chochote, endesha majaribio yote kwenye toleo la zamani na uhifadhi matokeo. Ilibidi turudishe Java 8 ndipo tukagundua kuwa kati ya yale 63, manne yalikuwa yameanguka tangu zamani. Yalihusu mkataba wa usafirishaji ambao niliuandikia mwisho wake kuwa 31 Desemba 2023. Mwaka ulipogeuka mkataba ukaisha, na majaribio yakafa nao. Java haikuhusika hata kidogo. Kama tungeanza kuyachunguza hayo manne tukiamini toleo jipya ndilo limeyaua, siku nzima ingepotea.

Na siku nzima huku kijijini ina bei yake. Umeme unaweza kukatika saa nne na kurudi jioni, bando nalo linayeyuka ukiwa unashusha maktaba za Maven. Kwa hiyo kabla ya kuja nyumbani, au kabla ya kuanza kazi kama hii popote ambapo mtandao unanunuliwa kwa kupima, shusha kila kitu mapema ukiwa mjini. Maven ina amri ya dependency:go-offline inayokusanya unachohitaji, kisha unafanya kazi kwa kuongeza -o ili isitafute mtandao. Folda ya .m2 unaweza kuinakili kwenye flashi na kumpelekea mwenzako kwa bodaboda. Weka pia Java zote mbili kwenye mashine moja, ya zamani na mpya, na uhamie huku na huku kwa kubadilisha JAVA_HOME. Ukiwa na toleo jipya peke yake huna cha kulinganisha nacho.

Ukishapata orodha ya yaliyoanguka, usianze na la kwanza na kushuka chini moja baada ya jingine. Yapange kwa makundi kufuata ujumbe wa hitilafu. Zile 63 zilitutisha kwa wingi wake. Zilipopangwa zikawa sababu saba tu, na kubwa kuliko zote ilimeza majaribio 31 peke yake. Ujumbe wake ulisema "Unsupported class file major version 61".

Namba hiyo ni rafiki. Toa 44 kwenye namba yoyote ya namna hiyo, utapata toleo la Java lililotengeneza faili husika: 61 ni Java 17, 55 ni Java 11, 52 ni Java 8. Maana ya ujumbe ni kwamba kuna chombo cha zamani kinachojaribu kusoma faili la Java 17 na hakilifahamu. Kwetu kilikuwa kile tunachotumia kutengeneza vitu bandia ndani ya majaribio. Hatukugusa mstari hata mmoja wa mfumo. Tulipandisha maktaba hiyo, na majaribio 31 yakarudi kijani kwa pamoja. Ndiyo maana siku hizi nafuata mpangilio huu: kwanza napandisha maktaba zote nikiwa bado kwenye Java ya zamani, nahakikisha majaribio yanapita, ndipo nabadilisha Java. Mpiga litungu hakazi nyuzi zote kwa pamoja kisha akashangaa sauti imetoka wapi.

Kundi la pili lilikuwa na majaribio tisa yaliyodai kuwa javax.xml.bind haipo. Hili ni jepesi. Vifurushi hivyo vya kusoma na kuandika XML vilikuwa ndani ya Java yenyewe mpaka vilipoondolewa kwenye Java 11, Septemba 2018. Unavileta mwenyewe kama maktaba ya nje, basi. Ukikutana na InaccessibleObjectException, hiyo ni jamaa yake wa karibu: tangu Java 16 milango ya ndani ya Java imefungwa kwa komeo, na maktaba zilizozoea kuingia kupitia dirishani hukwama. Kuna swichi ya --add-opens inayoufungua mlango mmoja mmoja. Itumie ukiwa unasubiri toleo jipya la maktaba hiyo, na uandike pembeni kwa nini umeiweka.

Wakati mwingine ujumbe hauelezi lolote na hujui ni badiliko gani limekuumiza. Kati ya 8 na 17 kuna matoleo tisa, na maelezo ya matoleo yote hayo ni marefu kuliko kikao cha ukoo. Gawa nusu. Endesha jaribio lile kwenye Java 11. Likipita, tatizo limezaliwa kati ya 12 na 17, nawe utasoma maelezo ya hayo tu. Likianguka, soma 9 hadi 11. Nimewaona watu wakisaka jibu mtandaoni kutwa nzima kwa kitu ambacho njia hii ingekionyesha kabla chai haijapoa.

Kundi lililonifurahisha zaidi ni la majaribio kumi na mawili ya tarehe na fedha. La Mei nimelisimulia. Jirani yake lilikuwa la malipo, na huyo alitusumbua kweli. Java 8 ilikuwa ikichapa "TZS 25,000.00", ile mpya ikachapa "TSh 25,000.00". Mdogo wangu akabadilisha maneno kwenye jaribio, TZS akaiweka TSh, akaliendesha. Likaanguka tena. Kilichosubiriwa na kilichopatikana vilionekana sawasawa kwenye kioo, herufi kwa herufi. Akafuta, akaandika upya. Likaanguka. Akaanza kushuku kompyuta.

Kwenye mkwamo wa namna hii, acha kuyaamini macho. Chapisha namba ya kila herufi. Tulifanya hivyo, na kwenye nafasi iliyo kati ya TSh na 25,000 yetu ikasoma 32 na ya Java ikasoma 160. Ile ya 32 ni nafasi ya kawaida unayoipata ukibonyeza kitufe kirefu cha chini. Ile ya 160 ni nafasi isiyokatika, inayozuia alama ya fedha isibaki mwisho wa mstari huku kiasi kikirukia mstari unaofuata. Kwa msomaji wa stakabadhi ni jambo jema. Kwa jaribio linalolinganisha maandishi ni herufi nyingine kabisa. Na hatukuwa peke yetu. Java 20 ilipotoka Machi 2023, nafasi iliyo kabla ya AM na PM kwenye saa za Kiingereza iligeuzwa kuwa nafasi nyembamba isiyokatika, na majaribio yakaanguka kwa watu wengi duniani ambao hawajawahi kuiona herufi hiyo maishani mwao.

Utasikia ushauri wa kuweka swichi ya java.locale.providers=COMPAT ili Java itumie ile hazina yake ya zamani. Inafanya kazi kwenye Java 17, na tuliijaribu. Lakini hazina hiyo imeondolewa kabisa kwenye Java 23, iliyotoka Septemba 2024, kwa hiyo ni mkongojo wa kuazima. Tena kwa mfumo wa Kiswahili ni sawa na kumwambia mtoto aliyejifunza lugha yenu aisahau. Tuliitumia kwa kazi moja tu: kuthibitisha chanzo. Ukiiwasha na majaribio kumi na mawili yakapita yote, umejua kwa hakika kwamba yote yanatokana na hazina ya lugha. Kisha tukaizima. Pale ambapo maandishi lazima yawe vilevile daima, kama kwenye faili linalosomwa na mashine ya benki, tuliacha kuitegemea Java ituchagulie sura na tukaandika muundo wetu wenyewe. Pale ambapo ni ya macho ya mkulima, tuliiachia.

Yapo makundi madogo ambayo huudhi kwa kuwa hayaanguki kila mara. Majaribio yetu matatu yalihifadhi saa ya sasa kwenye hifadhidata, kisha yakaisoma na kulinganisha. Java 8 ilitoa saa kwa usahihi wa sehemu ya elfu ya sekunde. Kuanzia Java 9 unapata sehemu ya milioni au hata ndogo zaidi, lakini safu yetu ya MySQL ilikuwa bado inahifadhi tatu za mwanzo tu. Ukikata saa kwenye kipimo ambacho hifadhidata inakijua kabla ya kulinganisha, yanatulia. Mengine mawili yalitegemea mpangilio wa vitu ndani ya seti. Seti zinazotengenezwa kwa Set.of, iliyoingia na Java 9, hubadili mpangilio wake kila programu inapowashwa, na hilo limefanywa makusudi ili asiwepo wa kuutegemea. Kama jaribio linapita mara mbili na kuanguka la tatu, anza kutazama hapo.

Wasomaji wa PHP na Python msijione mmesahauliwa, ila kwenu nitapita haraka. Mifumo mingi midogo ya shule, zahanati na vikoba imeandikwa kwa PHP, na PHP 7.4 iliacha kupewa marekebisho ya usalama Novemba 2022, kwa hiyo safari ya kwenda 8 haikwepeki. Jambo la kulitazama kwanza ni ulinganishaji: zamani PHP ilikubali kuwa 0 == "kahawa" ni kweli, kwa sababu ililigeuza neno kuwa namba na kupata sifuri; tangu PHP 8.0 si kweli tena. Mahali popote ambapo fomu yako huacha kisanduku kitupu, au huweka sifuri badala ya neno, hapo ndipo majaribio yataanguka, na wacha yaanguke. Kwa Python, angalia kwanza kama kilichoanguka ni mfumo au ni jaribio lenyewe. Python 3.12, ya Oktoba 2023, imeondoa jina la zamani assertEquals. Ukikaza macho kidogo utaona mfumo wako haujaguswa. Ni kalamu ya msahihishaji tu iliyobadilishwa.

Kuna kishawishi cha kulizima jaribio gumu ili kazi iende mbele. Sitajifanya mtakatifu, nimeshazima. Lakini ukizima, andika palepale tarehe, sababu na jina lako. Jaribio lililozimwa bila maelezo halitawashwa na mtu yeyote, na atakayelikuta baada ya miaka mitatu atadhani lilikuwa na hekima fulani.

Yalibaki mawili. Jua lilikuwa limeshazama, betri inasoma asilimia ishirini na moja, ndani mama anaita ugali uko tayari na kichuri kinapoa. Majaribio hayo mawili yalihusu tarehe za kuzaliwa za wanachama wazee. Mmoja kwenye data zetu za majaribio alikuwa bibi aliyeandikishwa kuwa amezaliwa 1 Julai 1955. Jaribio lilisubiri saa sita kamili usiku ya siku hiyo. Java 17 ilileta saa sita na robo.

Robo saa imetoka wapi? Huko nyuma, chini ya ukoloni, Kenya iliwahi kutumia saa iliyoitangulia ya Greenwich kwa saa 2 na dakika 45. Hifadhidata ya kanda za saa ambayo kompyuta nyingi huitegemea ilikuwa ikisema kwamba Nairobi iliendelea hivyo mpaka mwisho wa 1959. Matoleo mapya yamesahihisha na kusema hali hiyo ilikoma Julai 1942, kisha zikawa saa 3 kamili kama leo. Dar es Salaam siku hizi humo ni jina tu linaloelekeza Nairobi, kwa kuwa saa za miji hiyo miwili zimekuwa sawa tangu 1970 na wenye hifadhidata hawatunzi kumbukumbu mbili kwa jambo hilohilo. Java 8 yetu ilikuwa haijasasishwa tangu ilipowekwa. Ilikuwa imemhifadhi bibi kama idadi ya sehemu za sekunde kutoka 1970, kwa hesabu ya dakika 45. Java mpya ikamsoma kwa hesabu ya saa 3.

"Robo saa tu," mdogo wangu akasema. "Tukate, tukale." Nikamwonyesha upande wa pili. Kompyuta ya karani bado ina Java ya zamani. Seva mpya ikihifadhi tarehe hiyohiyo kuwa saa sita kamili usiku, karani ataisoma kuwa saa sita kasorobo, na kwa kompyuta hiyo ni 30 Juni. Bibi ataondolewa siku moja, na siku kitambulisho chake kitakapolinganishwa na daftari la chama vitapishana. Hapo sentensi yetu ikawa: "Tulidhani tarehe ya kuzaliwa ni saa fulani duniani, kumbe ni siku tu kwenye kalenda." Tukabadilisha safu hiyo ihifadhi tarehe tupu kwa LocalDate, isiyo na saa wala ukanda, na tukaandika programu fupi ya kuhamisha kumbukumbu za zamani kwa kutumia Java ileile iliyoziandika. Majaribio 412 yakawa kijani betri ikiwa na asilimia tisa.

Kesho yake nilimkuta bibi mmoja wa rika hilo njiani akitoka kisimani, mwanachama wa chama hichohicho, naye kwenye kadi ana 1 Julai. Nikamsalimia, nikamuuliza kwa utani kama kweli alizaliwa Julai. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mbuzi. Alisema alizaliwa wakati wa mavuno ya wimbi; Julai aliiandika karani, kwa kuwa fomu haikukubali kuachwa wazi.